Kazi za vikundi na mtoto mwenye usonji: yaliyonikuta darasa la tano hapa Kigoma (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Walimu mlionitangulia kazini, shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji, darasa la tano. Watoto ni 83 kwenye chumba kimoja, wakati kiwango ni 45. Mmoja wao ni kijana mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, yaani ubongo uliojijenga kwa namna tofauti). Anasoma vizuri, anaongea ingawa kwa uchache, na hesabu zinampenda. Naandika kwa sababu ya siku moja ya mwaka jana ambayo mpaka leo inaniuma.

Vilikuwa vipindi viwili mfululizo vya Sayansi. Nikasema, "Haya, kaeni vikundi vya watu tisa tisa, jadilini, kisha mniletee majibu." Basi. Sikuongeza neno. Watoto wakaanza kuburuta madawati juu ya saruji, huyu anamwita yule, wengine wanagombania nani awe mwenyekiti. Kijana wangu akaziba masikio, akawa anayumba mbele na nyuma huku akirudia, "Jadilini, jadilini, jadilini." Nikadhani ananiiga. Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye kikundi. Akajing'ata kiganja hadi damu ikatoka, akaingia chini ya dawati, na hakutoka mpaka kengele ya mapumziko. Jioni nikaandika kwenye kumbukumbu zangu: "Hashirikiani na wenzake."

Nimeyarudia maneno hayo matatu kichwani mara nyingi sana. Yalikuwa ya uongo. Sikuwa nimempa kitu cha kushirikiana. "Jadilini" siyo kazi. Mtoto wa kawaida hujaza mwenyewe yale ambayo mwalimu hakuyasema: nani aanze, tunatafuta nini, tukimaliza tunafanyaje. Anayabahatisha kwa kutazama nyuso za wenzake. Mtoto mwenye usonji hana njia hiyo ya mkato, au anayo lakini inamchosha kama mtu anayebeba maji kutoka mbali.

Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Leo Kanner, alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji kule Marekani mwaka 1943, moja ya mambo aliyoyakazia ni jinsi walivyotaka mambo yabaki vilevile kama yalivyokuwa jana. Sasa fikirieni kazi ya kikundi kama tunavyoiendesha sisi. Kwa dakika mbili tunambadilishia mtoto kiti, jirani, sauti za chumba na sheria ya nani anaruhusiwa kusema, vyote kwa pamoja. Halafu tunashangaa akiingia chini ya dawati.

Nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulimwambia kazi yake ni ipi?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha darasa langu. Naeleza tulivyofanya, maana najua wapo walimu Kasulu, Kibondo, Nzega na Sikonge wenye mtoto kama huyu na hawana wa kumuuliza.

Kwanza nilipunguza vikundi vikawa vya watoto wanne. Kwa 83 napata vikundi 20 na kimoja cha watatu. Hicho cha watatu ndicho chake: yeye, binti mmoja mtulivu anayekaa naye dawati moja, na kijana mwingine asiye na haraka. Kikundi hakibadiliki muhula mzima. Nilizoea kuchanganya upya kila wiki ili watoto wafahamiane, na kwa wengi ni jambo jema, lakini kwake kila mchanganyiko mpya ulikuwa kama kuanza shule upya. Kinakaa palepale daima, pembeni karibu na dirisha la upande wa mwembe, mbali na mlango. Na madawati hayaburutwi tena. Waliokaa dawati la mbele wanageuka tu kuwatazama wa nyuma. Jambo dogo hilo la kugeuka liliondoa nusu ya kelele.

Hapa niseme kitu ambacho watu wengi huniuliza. Huyu mtoto anapenda mno honi ya treni. Ikilia kule stesheni, uso wake unang'aa. Wanasema, "Kama masikio yanamuuma, mbona honi haimsumbui?" Honi anaijua. Anajua inatoka wapi, inalia kwa sababu gani na itaisha vipi. Madawati 40 yakiburutwa kwa pamoja hayana sababu wala mwisho anaoweza kuuona.

Pili, kila mmoja kwenye kikundi ana kazi yenye jina. Wazo hili lina mizizi kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel LeGoff, aliyeandika mwaka 2004 kuhusu watoto wenye usonji waliojenga vitu kwa LEGO, vile vipande vya plastiki vya kuchezea vinavyounganishwa, kwa pamoja: mmoja anasoma ramani na kuelekeza, mwingine anatafuta vipande, wa tatu anajenga. Hakuna anayeweza kumaliza bila mwenzake, kwa hiyo mazungumzo yanakuja yenyewe kwa sababu kazi inayadai. Sisi hatuna LEGO. Tuna udongo, vijiti, vifuniko vya soda na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa. Nikakata manila, nikaandika kwa kalamu nene: MSOMAJI, MTAFUTAJI, MWANDISHI, MTUNZA MUDA. Nyuma ya kila kadi niliandika kazi hiyo inafanywaje, kwa sentensi fupi. Ya Mtafutaji inasema: "Msomaji akishasoma swali, fungua kitabu. Tafuta sentensi yenye jibu. Weka kidole. Mwonyeshe Mwandishi."

Oneni hapo hakuna neno "shirikiana". Lakini mtoto aliyefanya hayo manne ameshashirikiana.

Tatu ni kokoto. Kila kikundi kina kokoto moja na anayeishika ndiye anayesema. Akimaliza anaisogeza. Kijana wangu alikuwa hajui kabisa aingie wapi kwenye mazungumzo ya wenzake, na alipojaribu ilikuwa kwa kumkata mtu kauli. Sasa zamu inaonekana kwa macho, tena inashikika.

Nne, mwisho wa kazi unaandikwa ubaoni kabla ya mwanzo. "Majibu matatu. Karatasi mezani kwangu. Geuka, tazama ubao." Na siku moja kabla namwambia yeye na mama yake, ambaye ana simu ya kitochi, kwa ujumbe mfupi: "Kesho kipindi cha tatu kuna kikundi. Somo ni maji. Yeye ni Mtafutaji." Gharama yake ni ujumbe mmoja. Anakuja asubuhi ameshajiandaa.

Niliwahi kukosea tena katikati ya haya. Tulikuwa na somo la Reli ya Kati, ile iliyofika hapa Kigoma mwaka 1914. Kijana huyu anazijua stesheni kwa mpangilio: Uvinza, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora, na nyingine ndogo katikati ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzitaja. Nikampa kazi ya kuchora njia kwenye manila. Darasa zima lilisogea kumtazama. Wenzake walimpigia makofi (ya mikono juu, ya kimya, ndivyo tulivyokubaliana). Nikafurahi nikadhani nimepata ufunguo. Wiki iliyofuata somo lilikuwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, nikazembea kumpa kadi, na akarudi chini ya dawati. Kitu anachokipenda mtoto kinamfungulia mlango, ni kweli, lakini hakiwezi kuwa ratiba. Treni haipiti kila somo. Kadi inapita kila somo.

Nitaendelea. Nakaribisha maswali na hasa kukosolewa.

#2 Mwalimu, Urambo

Mwalimu, hongera kwa moyo. Ila mimi nina darasa la watoto 112. Kadi, kokoto, ubao, ujumbe kwa mzazi, andalio la somo linanisubiri, na mdhibiti ubora wa shule akija anataka kuona vikundi vinazungumza. Mtoto mmoja anakula muda wa wengine 111. Nisaidie hapo, nauliza kwa nia njema.

#3 Mwanzisha uzi

Mwalimu wa Urambo, swali lako ndilo nililojiuliza wiki mbili nzima. Nilianza kwa kumpa kadi yeye peke yake. Haikufaa: alionekana ana kitu cha ajabu, wenzake wakamnyang'anya. Nilipowapa vikundi vyote ndipo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Wale watoto wanaojificha nyuma ya mwenyekiti wa kikundi, ambao kwa miaka mitano hawajawahi kusema neno kwenye mjadala, wakaanza kufanya kazi. Katika vikundi vyangu vya tisa, wawili walikuwa wanafanya na saba wanatazama. Kwa hiyo sikuwa nimechukua muda wa watoto 82. Nilikuwa nawarudishia.

Mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, madarasa yalijaa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo wakalikata somo vipande. Kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake kikundini hawana, akisome, kisha awafundishe. Ukimdharau mwenzako, umekosa kipande chake, na mtihani unacho. Shida yao haikuwa usonji. Lakini dawa ni ileile: mtoto hawi na thamani kwenye kikundi kwa kuhubiriwa upendo, anakuwa nayo akishika kitu ambacho wengine wanakihitaji.

Kwa watoto 112, kata manila mara moja tu, zibandike kwenye boksi la katoni zidumu. Kokoto zipo nje bure. Gharama kubwa ni wiki ya kwanza, ambapo hutafundisha sana, utakuwa unazoesha tu. Nilipoteza karibu vipindi vitano. Vimesharudi.

#4 Mama, Kasulu

Mwalimu, nimesoma huku nalia. Binti yangu ana miaka 12 na wa kwake ni tofauti. Hapigi kelele, hajing'ati. Walimu wananiambia, "Huyu ni mfano, kwenye kikundi anafanya kazi yote." Ndiyo, anafanya yote kwa sababu hajui kuwaambia wenzake wafanye, na wenzake wameshajua. Akifika nyumbani anavua viatu, anajifunika kanga gubigubi kichwani, hasemi na mtu mpaka jua linazama. Siku zenye kazi za vikundi hali chakula cha mchana. Nilipowaambia shule kwamba ana usonji walisema haiwezekani, mbona ana adabu. Nifanye nini?

#5 Mwanzisha uzi

Mama, pole sana, na asante kwa kuandika. Mfano wako ni mzito kuliko wangu, kwa sababu wa kwangu alilia na mimi nikalazimika kusikia. Wa kwako analipa gharama yake nyumbani, na anayeiona ni wewe peke yako.

Wasichana wengi wenye usonji wanachelewa kutambuliwa kwa sababu hiyohiyo: wanajifunza kuwaiga wenzao neno kwa neno, tabasamu kwa tabasamu, na kuiga huko kutwa nzima kunachosha mwili. Ukienda shuleni usianze na neno usonji kama linawafanya wabishe. Waelezee unachokiona saa tisa alasiri. Mwombe mwalimu mambo mawili tu: kazi zigawanywe kwa majina, ili ya binti yako iwe moja na iishie hapo, na baada ya kikundi apewe dakika tano za kazi ya peke yake, hata kufuta ubao au kupanga daftari. Mengine yatafuata.

Na nyumbani ile kanga mwachie. Usimwite aje asalimie wageni.

#6 Kijana, Tabora mjini

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nasoma chuo hapa Tabora, na mimi mwenyewe nina usonji. Nilijua nikiwa na miaka 19. Naomba nieleze kikundi kinavyokuwa ukiwa ndani, kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa na watu wengine.

Watu watatu wakiongea kwa pamoja, mimi sisikii watatu. Nasikia kitu kimoja kama mabati wakati wa mvua. Natakiwa nivute sauti moja kutoka humo, nielewe neno, nitazame uso, nijue kama ni utani, nitengeneze jibu, kisha nisubiri upenyo. Upenyo ukija, mada imeshahama. Nikisema jibu langu la mada iliyopita, wanacheka. Baada ya kuchekwa mara kumi na kidato kimeisha, unaamua kunyamaza, na cheti cha tabia kinaandikwa "mkimya".

Jambo la pili. Msinilazimishe kumtazama mtu machoni ndipo mjue nasikiliza. Nikitazama macho nasikia kidogo, nikitazama meza nasikia vizuri.

La tatu nawaomba walimu walishike. Damian Milton wa Uingereza, mtaalamu ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na ninyi ni kwa pande mbili. Sisi tunashindwa kuwasoma, na ninyi mnashindwa kutusoma. Ila ni upande mmoja tu unaopelekwa kufundishwa upya. Mwalimu, umesema uliwapanga wenzake. Je, uliwafundisha nini?

#7 Mwanzisha uzi

Marahaba kijana wangu. Maelezo yako ya mabati na mvua nimeyanakili kwenye daftari la maandalio.

Niliwafundisha, ndiyo, baada ya mama wa mtoto kuniruhusu na mtoto mwenyewe kuulizwa. Sikutaja usonji siku hiyo. Niliwaweka watoto watano mbele wasome aya tofauti kwa sauti wote pamoja, nikamwita mmoja aliye hodari nikamwambia, "Nijibu aya ya tatu imesema nini." Alishindwa, akakasirika. Nikawauliza, "Yeye ni mjinga?" Wakasema hapana, ni kelele. Hapo tukaanza kuongea.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko mimi amekuwa yule binti anayekaa naye. Ni yeye aliyegundua kwamba ukimuuliza mwenzake "Unaonaje?" hajibu, ila ukimwambia "Jibu ni hili au hili?" anajibu hapohapo, na mara nyingi ndiye mwenye jibu sahihi. Aligundua pia kwamba baada ya kumuuliza lazima uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuuliza tena. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka mbili.

Kijana wa darasani kwangu naye ana kadi moja ya ziada, nyekundu, haina maandishi. Akiiweka juu ya dawati anatoka nje chini ya mwembe na hakuna anayemuuliza. Mwanzoni mwalimu wa zamu alimrudisha akidhani mtoro, ikabidi nieleze ofisini kwa walimu wote. Muhula wa kwanza aliitumia karibu kila kikundi. Siku hizi mara nyingi inakaa tu pembeni ya daftari lake na anabaki. Kujua kwamba anaweza kutoka kunamtosha.

#8 Mchangiaji, Kigoma

Mwalimu usichukie. Huku kwetu mtoto wa hivyo wengi watasema karogwa, au mama alikiuka jambo akiwa mjamzito. Wengine wanasema ni chanjo. Na kama serikali ina vitengo vya elimu maalumu, kwa nini asipelekwe huko mkabaki na wale wanaoweza?

#9 Mwanzisha uzi

Sichukii, ndugu yangu, maana mama yake ameyasikia hayo yote kutoka kwa ndugu zake wa damu, na pesa ya mbuzi wawili ilikwenda kwa mganga kabla hajafika kwa daktari.

Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yuko tumboni, na urithi una nafasi kubwa. Hauletwi na uchawi wala malezi. Habari ya chanjo ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyochapishwa Uingereza. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano. Mchanje mwanao.

Kuhusu vitengo, tusiongee kama ni jaa la kutupia watoto. Walimu wa elimu maalumu, wengi wao waliopita chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha, wanajua mambo ambayo mimi sijui, na wapo watoto ambao darasa la 83 litawaumiza hata nikate kadi elfu moja. Kwao kitengo ni haki yao. Huyu wangu anasoma, anaelewa, anataka kuwa na wenzake. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na elimu yao imo humo kama haki. Swali la yupi akae wapi liamuliwe kwa kumtazama mtoto huyo mmoja, pamoja na mzazi. Siyo kwa kuangalia nani anatusumbua.

#10 Mwalimu, Urambo

Nimerudi. Nimejaribu kokoto tu, bila kadi, wiki mbili. Vurugu zimepungua, sikatai. Ila alama unatoaje? Kikundi kikipata 8 kati ya 10, na wewe unajua mtoto wako aliweka kidole tu?

#11 Mwanzisha uzi

Natoa alama mbili, mwalimu. Ya kikundi kwa karatasi yao, na ya kila mtu kwa kazi ya kadi yake: Mtafutaji alipata sentensi sahihi ngapi, Mwandishi aliandika yanayosomeka, na kadhalika. Na kuweka kidole si kidogo. Ni kusoma kurasa nne na kupata mstari mmoja. Jaribu kubadilisha wiki moja, watoe wale hodari wa kuongea wawe Watafutaji, uone wanavyohangaika.

Kuna siku pia namruhusu kijana wangu afanye peke yake na alete kipande chake kiunganishwe na cha wenzake. Wapo waliosema kwamba huko ni kumdekeza. Mafundi wawili wakijenga nyumba moja, mmoja msingi na mwingine paa, hatusemi hawakushirikiana.

Kadi kwa sasa anazishika tatu: Mtafutaji, Mwandishi na Mtunza Muda. Msomaji bado, kusoma kwa sauti mbele ya wenzake hakutaki, na sijamlazimisha.

#12 Mwanzisha uzi

Taarifa fupi. Baba wa yule binti amehamishiwa kazi Nguruka, familia inaondoka muhula ukiisha. Nimeambiwa jana. Nilikuwa nimemjengea kijana nguzo moja tu, na hilo ni kosa ambalo mwalimu mwingine anaweza kuliepuka: tangu mwanzo zoesha wenzake wawili au watatu, siyo mmoja.

Zimebaki wiki sita. Kuanzia Jumatatu naongeza mtoto wa nne kwenye kikundi chao, aketi tu wiki ya kwanza bila kadi, wiki ya pili ashike ya Mtunza Muda. Binti mwenyewe ameomba amfundishe habari ya kuhesabu mpaka kumi. Na kijana nimemchorea njia kwenye manila, Kigoma mpaka Nguruka, nikamwonyesha rafiki yake atashukia wapi. Aliitazama muda mrefu, akachukua kalamu yangu, akaongeza stesheni mbili nilizozisahau.